Kidonge cha asubuhi na mvuke wa usingizi: kisa cha mzee aliyekuja kupandikizwa mishipa ya moyo

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Kijana akakaa ukingoni mwa benchi, simu mkononi, kioo bado kinawaka. Alikuwa ameshasoma. Alitaka kujua baba yake atapewa nusu kaputi ya sindano au ya gesi, maana ameona mahali kwamba gesi inaulinda moyo wakati wa upasuaji. "Kama ni suala la hela, dokta, tuambieni mapema. Tutachanga."

Sisi wa idara ya usingizi tumezoea kuulizwa swali moja tu: ataamka? Huyu aliuliza jambo ambalo madaktari wenyewe wamelibishania kwa zaidi ya miaka 20, na waliokuwa na uhakika nalo walibadilisha msimamo. Kwa hiyo nakiandika kisa hiki kuanzia swali lake. Mzee na kijana nimewaunda kwa ajili ya kufundishia, kutokana na mambo yanayofika mezani kwetu mara kwa mara, na hakuna faili lolote lenye habari zao. Dawa, vipimo na tafiti ni za kweli.

Mgonjwa

Mwanamume wa miaka 63, mwalimu mstaafu, kilo 71. Ana kisukari kwa miaka 14 na presha kwa miaka 9. Kifua kinambana akipanda ngazi za ghorofa moja, akisimama kinaachia. Picha za mishipa ya moyo zilionyesha mishipa yote mitatu mikubwa imebanwa, ule unaoshuka mbele ya moyo ukiwa umebaki na uwazi mwembamba sana. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha moyo unasukuma nje asilimia 45 ya damu yake kwa kila pigo, yaani umechoka kiasi lakini haujakata tamaa. Wastani wa sukari wa miezi mitatu ulikuwa asilimia 8.9. Figo nzuri.

Dawa zake: amlodipini, aspirini, atovastatini, bisoprololi, metfomini, na glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni. Hiyo ya mwisho iwekee alama. Ni kidonge kidogo cha bei nafuu, utakikuta kwenye kabati la wagonjwa wengi wa sukari kuanzia Tanga hadi Kigoma, na ndicho kilichotusumbua kuliko gesi yenyewe.

Mpango ulikuwa upasuaji wa baipasi, mishipa mitatu: mmoja kutoka ukuta wa ndani wa kifua, miwili kutoka mguuni. Moyo usimamishwe, mashine ya moyo na mapafu ishike kazi, aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, ibanwe kwa saa moja na zaidi kidogo.

Hatari iko wapi

Wengi hudhani moyo unaumia pale damu inapokatwa. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya madhara hutokea damu inaporudi. Seli ya msuli wa moyo iliyokosa oksijeni huanza kutengeneza nguvu kwa njia ya dharura, na njia hiyo huzaa asidi. Seli hujitahidi kuitoa asidi, kwa kuibadilisha na sodiamu. Sodiamu ikijaa ndani, nayo hutolewa kwa kubadilishwa na kalisi (kalsiamu). Mpaka hapo seli imelemewa lakini haijafa, na cha ajabu ni kwamba ile asidi inaisaidia: imekiweka kimefungwa kitundu fulani kwenye utando wa mitokondria, vile vinu vidogo vya kuzalisha nguvu.

Kisha kibanio kinafunguliwa. Damu yenye oksijeni inaingia kwa nguvu, asidi inaoshwa ndani ya dakika chache, kalisi imejaa, kemikali kali za oksijeni zinafumuka kwa mkupuo, na kile kitundu kinafunguka. Mitokondria zinavimba na kupasuka. Seli iliyovumilia saa nzima ya njaa inakufa katika dakika za mwanzo za shibe. Asiyeijua hesabu hii huona kufungua kibanio kama mwisho wa kazi ngumu.

Mwaka 1986, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer, wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa mbwa. Kundi moja walibanwa mshipa wa moyo dakika 40 mfululizo. Kundi jingine, kabla ya dakika hizo 40, walibanwa dakika 5 na kuachiwa dakika 5, mara nne. Kwa akili ya kawaida kundi la pili lingeumia zaidi, kwa kuwa limenyimwa damu muda mrefu zaidi. Ikawa kinyume chake: eneo la msuli lililokufa lilikuwa kama robo tu ya lile la kundi la kwanza. Vidhiki vidogo vilikuwa vimeuzoesha moyo kuhimili dhiki kubwa.

Ni kama vidole vya mama ntilie vinavyofunua sufuria la wali bila kitambaa, ila mfano huu una kasoro. Vidole hukomaa kwa miaka, wakati moyo uliozoeshwa hubaki na kinga hiyo saa moja hadi tatu hivi, kisha inapotea, halafu kesho yake inarudi kwa unyonge na kukaa siku mbili tatu. Tena ina kikomo: wale mbwa walipobanwa saa tatu mfululizo, kuzoeshwa hakukusaidia chochote.

Nani lakini atathubutu kuubana makusudi mshipa wa mgonjwa wa moyo ili auzoeshe? Ndipo gesi ikaingia.

Mwaka 1997 Judy Kersten na wenzake, huko Wisconsin, waliwapa mbwa isoflureni, dawa ileile tunayoivutisha wagonjwa kila siku, wakaifunga, kisha wakaubana mshipa. Eneo lililokufa lilipungua sana, kana kwamba mshipa ulikuwa umebanwa na kuachiwa kama kwa Murry. Mwaka huohuo watafiti wengine waliona jambo hilohilo kwa sungura. Isoflureni ilikuwa inaujulisha moyo kwamba dhiki inakuja, bila dhiki yenyewe kufika.

Nikiri kwamba habari hii hunichekesha kidogo. Mwaka 1983 Reiz na wenzake wa Sweden walikuwa wametoa onyo kwamba isoflureni hutanua mishipa ya moyo kiasi cha kuweza kuipora damu sehemu yenye mshipa uliobanwa. Kwa miaka kadhaa kuna waliokwepa kuitumia kwa wagonjwa kama mzee wetu. Haikupita miaka 15, dawa ileile ikaanza kusifiwa kuwa mlinzi.

Mlango mmoja, funguo mbili

Jinsi gesi inavyofanya kazi hiyo ndiyo inayotuunganisha na kidonge cha mzee, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwenye seli za moyo kuna milango midogo ya kupitisha potasiamu ambayo hutegemea hali ya nguvu ndani ya seli. Nguvu ikiwa tele, mlango umefungwa. Nguvu ikishuka, unafunguka, potasiamu inatoka, seli inapunguza pilika na kalisi inaingia kidogo. Ni mfumo wa kubana matumizi. Milango ya namna hii iko kwenye ukuta wa seli, na mingine kwenye mitokondria. Hii ya pili ilibishaniwa sana, mpaka mwaka 2019 ndipo protini zake zilipotambuliwa. Isoflureni, sevoflureni na ndugu zao hugusa vipokezi na vimeng'enya kadhaa ndani ya seli, huzalisha vijikemikali vya oksijeni kwa kiwango kidogo kinachotosha kuwa ishara tu, na matokeo yake milango hii inakuwa tayari kufunguka na kile kitundu cha mitokondria kinakuwa kigumu kufunguka damu ikirudi.

Sasa glibenklamidi. Inashushaje sukari? Kwenye seli za kongosho zinazotoa insulini kuna mlango wa ukoo huohuo wa potasiamu. Glibenklamidi inaufunga kwa nguvu, seli inasisimka, insulini inamwagika. Kwa kongosho ni jambo jema. Ila kidonge hakichagui chumba: kinazunguka na damu, kinafika moyoni, kinakuta milango ya ukoo uleule na kuifunga pia. Kersten alilionyesha hili katika jaribio lile la 1997, kwani mbwa waliopewa glibenklamidi kwanza hawakupata faida ya isoflureni. Kwa binadamu, Tomai na wenzake huko Italia waliripoti mwaka 1994 kwamba wagonjwa waliokuwa wakizibuliwa mishipa kwa puto hawakuzoea kubanwa kwa pili iwapo walikuwa wamemeza glibenklamidi. Sukari ikipanda sana nayo huvuruga mambo, hata bila kidonge.

Kwa maneno mengine, kijana alikuwa anauliza kuhusu gesi inayofungua mlango, na baba yake alikuwa anameza kila asubuhi dawa inayoufunga.

(Msomaji mwenye glibenklamidi nyumbani asiiache kwa sababu ya aya hizi. Mzozo kuhusu vidonge vya ukoo huu na moyo ulianza mwaka 1970, Marekani, kwa dawa ya tolbutamidi. Lakini mwaka 2019 utafiti uliofuatilia zaidi ya watu 6,000 haukuona tofauti ya matukio ya moyo kati ya glimepiridi, ya ukoo huohuo, na linagliptini, dawa ya sukari ya ukoo mwingine. Sukari isiyodhibitiwa inaua bila mjadala. Hapa tunazungumzia saa chache za mtu anayesimamishwa moyo.)

Siku moja kabla

Mzee alilazwa siku tatu mapema. Tuliandika kwenye chati: glibenklamidi isitishwe, sukari ishikwe kwa insulini, metfomini isimame siku ya upasuaji. Kila aliyepaswa kuisoma chati aliisoma, isipokuwa mama.

Mama alikuwa na kimfuko cha nailoni kilichofungwa fundo, ndani yake vidonge vya mzee wake, kila aina kwenye kikaratasi. Kwa miaka 14 ndiye aliyemtunza, na hakuna aliyemweleza kwa lugha ya nyumbani kwamba sasa apumzike. Asubuhi ya siku moja kabla ya upasuaji alimletea uji, akampa kidonge chake kama kawaida. Muuguzi naye, kwa haki kabisa, alikuwa ameshachoma insulini. Saa 5 mzee akaanza kutokwa jasho jembamba kwenye paji la uso na kuongea polepole. Sukari 3.1. Akapewa dripu ya glukosi, baada ya dakika 15 ikawa 6.4, akaomba maji.

Hapo ndipo penye uamuzi ambao watu wanaweza kubishana nao. Daktari wa upasuaji alisema tuendelee kesho yake asubuhi, nafasi ya ICU ipo na ratiba imebana. Mimi niliomba isogezwe siku moja. Glibenklamidi inaweza kuendelea kushusha sukari hadi saa 24, na ya leo imeshajionyesha. Mtu aliyelala nusu kaputi hawezi kusema kichwa kinamzunguka, na jasho lake utaliona limechelewa. Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika kwenye faili. Sababu ya pili, kwamba nataka mlango wa potasiamu uwe huru wakati wa kubana aota, niliisema kwa mdomo tu, kwa sababu sikuwa tayari kuitetea mbele ya ushahidi nitakaoueleza chini. Mzee alikuwa ametulia, hana maumivu akiwa kitandani, kumchelewesha siku moja hakukumgharimu chochote zaidi ya kitanda. Tukasogeza.

Kosa halikuwa la mama. Tangu hapo huwa naomba kuona mfuko wa dawa, naushika, naufungua mbele yao.

Mezani

Siku yenyewe sukari ilikuwa 8.2. Mrija wa kupimia presha ndani ya mshipa wa mkono tuliuweka akiwa macho, kwa ganzi. Bisoprololi alikunywa alfajiri kwa funda la maji. Alilazwa kwa fentanili, dawa kali ya maumivu, na propofoli, ile nusu kaputi ya sindano, kidogo kidogo. Moyo wa asilimia 45 hautaki haraka. Mpira wa kupumulia ukaingia, nikageuza vepaiza ya zambarau, kile kifaa kinachoigeuza dawa kuwa mvuke.

Rangi hizo si pambo: isoflureni zambarau, sevoflureni njano, halotheni nyekundu, ili hata aliyechoka saa 9 usiku asikosee. Halotheni bado ipo kwenye mashine za zamani, na moyoni ina tabia mbaya ya kuleta mapigo ya ovyo adrenalini ikiwepo. Isoflureni kwa mtu wa miaka 63 hutosha kama asilimia 1 ya hewa anayoitoa. Akiwa na fentanili inatosha chini ya hapo. Tulikaa kwenye 0.8 kwa dakika 70 hivi, mfupa wa kifua ukipasuliwa na mishipa ikivunwa. Hizo dakika 70, kwa mujibu wa maabara, ndizo za kuuzoesha moyo. Kazi nyingine niliyoifanya muda huo ni kuzuia mapigo yasizidi 75 na presha isianguke. Sina shaka ipi kati ya hizo mbili ilimsaidia zaidi.

Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vizio 28,000, damu ikapimwa isigande, akaingia kwenye mashine.

Kuanzia hapa kuna jambo ambalo makala nyingi za mtandaoni hazilisemi. Mgonjwa akishaingia kwenye mashine ya moyo na mapafu, mapafu yake hayapumui. Vepaiza iliyo kwenye mashine yangu ya usingizi inakuwa urembo tu. Ukitaka gesi iendelee kumfikia, lazima vepaiza nyingine ifungwe kwenye mpira wa hewa unaoingia kwenye pafu bandia la mashine ile, pamoja na njia ya kuitoa gesi ya ziada chumbani, vinginevyo anayeendesha mashine ndiye atakayesinzia. Na hata hapo, yapo mapafu bandia ambayo utando wake hauipitishi gesi vizuri. Mashine tuliyokuwa nayo haikuwa na vepaiza. Tukahamia kwenye pampu ya propofoli.

Hilo linauma kidogo ukijua kazi ya Stefan De Hert huko Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 2002 alionyesha kwamba mioyo ya waliolazwa kwa sevoflureni ilifanya kazi vizuri zaidi baada ya baipasi kuliko ya waliopewa propofoli, na troponini yao, ile protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, haikupanda sana kama ya hao wengine. Mwaka 2004 akaligawa swali: gesi kabla ya mashine tu, baada ya mashine tu, au mwanzo hadi mwisho? Walionufaika kweli ni wa mwanzo hadi mwisho. Mzee wetu alipata vipande.

Aota ilibanwa dakika 64. Maji ya baridi yenye potasiamu nyingi yaliingizwa kwenye mishipa ya moyo, na kurudiwa kila dakika 20. Moyo ukalala kama mtu aliyezimiwa taa.

Kibanio kilipokaribia kufunguliwa nilimwomba mwendesha mashine ashushe presha kidogo, damu isirudi kwa kishindo. Baada ya kufungua, moyo ukatetemeka bila mpangilio. Joule 10 kwa vibao vya ndani, mara moja, ukashika mdundo. Kalisi, ambayo wengi huizoea kuichoma pale moyo unapoonekana mzito, niliichelewesha dakika 15 nzima. Hiyo sikuitoa kwenye utafiti wa gesi moja kwa moja, nimeitoa kwenye ile hesabu ya sodiamu na kalisi hapo juu: seli imejaa kalisi, na wewe unataka kuiongezea? Mapafu yakaanza kupumua, vepaiza ya zambarau ikarudi, dobutamini kidogo, dawa ya kuupa moyo nguvu, ikamsindikiza kutoka kwenye mashine.

Saa 24 baadaye troponini ilikuwa juu, kama inavyokuwa juu kwa kila aliyekatwa moyo, lakini chini ya mara 10 ya kikomo cha kawaida, kiwango ambacho kikivukwa, kukiwa na dalili nyingine, huitwa shambulio la moyo la baada ya baipasi. Saa 48 ilikuwa inashuka. Umeme wa moyo haukuwa na badiliko jipya. Eko ilibaki asilimia 45.

Je, gesi ilimlinda? Kwa mgonjwa mmoja swali hilo halina jibu. Daktari anayekuambia "niliwapa gesi na wote wamepona" anakuambia habari za wagonjwa wake, hakuambii habari za gesi.

Hesabu ya wengi

Baada ya kazi ile ya Antwerp, watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha mwaka 2003 jaribio la wagonjwa 72. Waliopewa sevoflureni kwa dakika 10 wakiwa kwenye mashine, kabla ya moyo kusimamishwa, walionyesha alama za kuzoeshwa ndani ya seli, na kemikali ya damu inayoashiria moyo kulemewa ilikuwa chini. Troponini yao lakini haikutofautiana. Mwaka 2007 Giovanni Landoni wa Milan alikusanya majaribio 22 yenye wagonjwa 1,922: vifo vya wodini asilimia 0.4 kwa gesi dhidi ya 1.6 kwa dawa za mshipani. Mwaka huohuo mwongozo wa vyama vya moyo vya Marekani ukaandika kwamba gesi inaweza kufaa kwa wagonjwa waliotulia wenye hatari ya moyo, hata kwenye upasuaji usio wa moyo. Nadhani kilichosomwa na kijana kwenye simu kilitoka enzi hiyo.

Landoni huyohuyo, na ninamheshimu kwa hili, hakuridhika na mkusanyiko wa majaribio madogo. Aliongoza jaribio kubwa, hospitali 36 katika nchi 13, wagonjwa wa baipasi 5,400 waliogawanywa kwa bahati nasibu: isoflureni, sevoflureni au desflureni upande mmoja, dawa za mshipani pekee upande wa pili. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliofariki ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 2.8 kwa gesi na asilimia 3.0 kwa sindano. Jaribio lilikuwa limepangiwa watu wengi zaidi, likasimamishwa njiani kwa sababu ilishaonekana kwamba kuendelea kusingeleta tofauti.

Mwaka 2015 majaribio mawili makubwa, moja Uingereza na moja Ujerumani, yalijaribu kuuzoesha moyo kwa kubana mkono kwa kifaa cha presha kabla ya upasuaji. Nayo hayakuokoa mtu. Wapo waliolaumu propofoli waliyopewa wagonjwa hao, kwa kuwa yenyewe hufyonza zile kemikali za oksijeni zinazobeba ishara. Inawezekana. Mimi naona sababu kubwa ni ya kawaida zaidi. Mbwa wa 1986 walikuwa wazima, na madhara pekee waliyopata ni yale ya kibanio. Mzee wetu ana miaka 63, ana sukari, anameza statini, amepewa fentanili ambayo dawa za ukoo wake nazo huuzoesha moyo, na kila alipopanda ngazi kifua kikambana alikuwa anajizoesha mwenyewe bila idhini yetu. Juu ya hapo anapata maji ya baridi ya potasiamu kila dakika 20. Kinga imeshawekwa tabaka kwa tabaka. Gesi inakuja kuongeza kanzu juu ya kanzu. Na watu wanaofariki ndani ya mwaka baada ya baipasi wengine huondoka kwa maambukizi, kiharusi na figo, mambo ambayo mlango wa potasiamu wa moyo hauna usemi nayo.

Kwa hiyo sikubali ukisema ugunduzi ule ulikuwa uongo. Mlango upo, kidonge kinaufunga, gesi inausaidia kufunguka. Kilichoshindikana ni kuugeuza kuwa uhai wa mtu unaohesabika.

Kwa nini basi nilitumia isoflureni? Kwa sababu ni ya bei nafuu, kwa sababu kipimo cha gesi anayoitoa kinanionyesha kila pumzi kwamba amelala kweli, na kwa sababu vepaiza yake haihitaji umeme wakati pampu ya sindano inategemea betri ambayo sijui mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Kwenye hospitali yenye pampu nzuri na daktari aliyezoea propofoli, ningelala usingizi mzuri tu kama ndugu yangu angepewa propofoli.

Kijana nilimjibu pale benchini, kabla ya yote haya. Nilimwambia, "Mwanangu, gesi atapata, na hamna cha kuchanga. Ila usije ukaniambia baadaye nilikuahidi kwamba ndiyo itakayomlinda."

Siku ya tisa mzee aliruhusiwa. Kwenye karatasi yake tuliandika insulini na metfomini, glibenklamidi ikapigwa mstari mpaka atakapoonana na daktari wake wa sukari baada ya wiki mbili. Mama alifungua fundo la nailoni, akatenga kile kikaratasi kimoja, akanikabidhi bila kusema kitu. Kijana alikuwa anasoma karatasi ya kuruhusiwa, kidole kikifuata mistari, mpaka alipofika palipoandikwa aina ya usingizi: isoflureni na propofoli.

"Kumbe alipewa zote mbili, dokta?"

"Zote mbili."

Akaipiga picha kwa simu, akaikunja, akamshika baba yake mkono wakaifuata lifti.